Shemsa wa Redioni

Kikwajuni, Mjini
Jumanne, 8 Februari 1955

Bint ammi Shemsa,

Salamu zako nyingi, na za Bibi Mwanaasha nyingi zaidi. Mwambie shikamoo yangu aipokee kwa mikono miwili, maana safari hii inatoka kwa mtu mkubwa. Kaa kitako kwanza. Kama umeshika mbatata na kisu, weka chini.

Mie nimo redioni.

Usicheke. Yule Msabah aliyefukuzwa darasa la tano kwa kumwigiza mwalimu mkuu anavyopiga chafya ndiye huyo huyo. Kila Ijumaa jioni, habari zikisha na matangazo ya vifo yakisha, ndipo naingia mie. Mazungumzo ya sinema. Unaijua kazi yangu, kuchana tikiti mlangoni na kutembeza mabango kwa mkokoteni. Watu wakishaingia, nami naingia. Filamu moja naiona hata mara saba, Kihindi chake nakariri chote na sifahamu hata neno. Nikitoka nawahadithia waliokosa, hapa barazani kwetu, na sauti zote natia: ya baba mkali, ya mama anayelia, ya gari moshi. Siku moja kapita Bwana Hamad, yule mtu wa redio, na baiskeli yake na samaki wake kamtundika kwenye usukani. Kasimama kusikiliza mpaka samaki kaharibika. Akaniambia, wewe kesho njoo kazini kwangu.

Chumba chenyewe kimevishwa magodoro ukutani, kama anaishi mwendawazimu humo. Tunakaa mimi na yeye, ananiuliza, "Eh Msabah, wiki hii kuna nini?" Nami namjibu kama tupo barazani. Majina ya Kihindi wasikilizaji yanawakwama kooni, basi nawapa watu wa filamu majina yetu. Juzi tajiri dhalimu nilimpa jina la mwenye nyumba wetu, sasa tukikutana ananiamkia yeye kwanza.

Sasa zawadi yako. Ijumaa hii naanza ile filamu uliyoiona weye ulipokuja mjini, ya yule msichana anayezushiwa kuwa katoroka na mpiga fidla, kumbe masikini kaenda kumuuguza baba yake, na mwisho anaolewa na mchumba wake yule yule. Ndefu, nitaigawa Ijumaa tatu. Shangazi Kazija anasema ulilia mpaka akakupa ncha ya buibui lake. Basi yule msichana nimempa jina lako. Atatajwa Unguja na Pemba nzima.

Na usihofu. Kuwa Shangazi alikupeleka sinema siku ya wanawake, hilo sisemi. Bibi anajua ulikuja kununua vitu vya harusi, ukaenda dukani ukarudi, na abaki anajua hivyo hivyo. Mchumba wako, fundi Mkadam wa Makunduchi, mwambie siku hiyo asimamishe cherehani, amsikilize shemegi yake. Redio si ipo kwa sheha? Nendeni mapema mpate mkeka.

Ni mimi,
Msabah wa Redio


Jambiani
Jumapili, 13 Februari 1955

Kaka Msabah,

Waalaykumu salaam. Bibi kaitikia marahaba, lakini hiyo ilikuwa kabla ya Ijumaa.

Redio ya sheha unaijua wewe kwa kuisikia. Mimi nakwambia inavyotumika. Sheha huifungua kwa habari na vifo. Vifo vikisha, huifunga, betri isiliwe bure. Ijumaa aliposikia "Msabah Pandu" akasema, huyo ni mtoto wa marehemu Pandu, mwacheni tumsikie kidogo. Baraza lilijaa. Bwana Hamad akakuuliza wiki hii kuna nini. Nawe hukusema filamu, hukusema hadithi. Ulisema kwa sauti ya msiba, na walionisimulia wote wanaiigiza hiyo sauti:

"Makubwa, Bwana Hamad. Shemsa katoroka. Harusi i mlangoni, kamwacha mchumba wake, kafuatana na mpiga fidla."

Sheha akaifunga redio hapo hapo. Kwa heshima, anasema. Hakutaka watu waisikie aibu ya nyumba yetu mpaka mwisho.

Mimi nilikuwa uani nakuna nazi. Walikuja wanawake kuniangalia kama nipo. Nilikuwepo. Unadhani yakaisha? Wakasema basi kesharudishwa. Maana mwezi uliopita kweli nilikuwa mjini, na aliyesema si mtu baki, ni mtoto wa ammi yangu, na kasema pale pale vilipokwisha vifo. Wanasema vifo vya redio havijapata kuwa uongo hata siku moja, iweje habari iliyofuatia iwe uongo. Nikieleza kuwa ni filamu, wananiuliza nimejuaje. Niwajibu nini? Niseme niliiona?

Jana habari imefika Makunduchi kwa mama yake Mkadam. Imekwenda kwa miguu na imefika kabla ya gari.

Nakuomba jambo moja. Ijumaa, kabla hujaanza, sema ni filamu ya Kihindi na huyo msichana mbadilishe jina. Basi. Usinitaje mimi, usimtaje Mkadam, usiitaje Jambiani.

Shemsa


Kikwajuni
Jumamosi, 19 Februari 1955

Bint ammi,

Pumua. Nimelimaliza.

Sikufikiri kama mtu wa darasa la tano, nimefikiri kama wakili. Nikajiuliza: sheha anafunga redio vifo vikisha. Nikisema mie mwanzo wa mazungumzo yangu, nani atanisikia huko kwenu? Atasikia mende ndani ya redio. Basi lazima lisemwe kabla hajaifunga. Nikambembeleza Bwana Hamad, Bwana Hamad akambembeleza msomaji wa vifo, yule mwenye sauti nzito kama mtungi, na jana tangazo kalisoma yeye mwenyewe, katikati ya marehemu wa Mkokotoni na marehemu wa Bububu. Nimeliandika kwa mkono wangu, na yeye hakubadilisha hata nukta:

"Ndugu wa Shemsa binti Usi wa Jambiani, mchumba wa fundi Mkadam wa Makunduchi, wanawaarifu jamaa na marafiki wote kwamba Shemsa aliyetajwa Ijumaa iliyopita siye huyu. Huyu hakutoroka."

Unaonaje? Ulisema usitajwe, nami nilitaka kutii. Lakini hebu fikiri: nitasemaje kuwa si weye bila ya kusema weye ni nani? Hiyo inaitwa mantiki. Inafundishwa madarasa ya juu huko, sikufika, ila inanijia yenyewe. Na Mkadam nimemtaja ili mama yake asikie jina la mwanawe katika redio afurahi. Wanawake wakubwa wanapenda hayo.

Sasa mama mkwe wako atapika vibibi akuletee. Nibakishie.

Msabah wa Redio


Jambiani
Jumanne, 22 Februari 1955

Kaka Msabah,

Aliposema yule bwana "Ndugu wa Shemsa binti Usi wa Jambiani wanawaarifu jamaa na marafiki", barazani palilipuka kilio. Maneno yaliyofuata hakuna aliyeyasikia. Wameyasikia vifo vya redio miaka yote vikianza hivyo hivyo.

Nilitoka mlangoni mwenyewe kuwapokea waliokuja kunilia. Jumamosi walifika wanawake wa Paje na mchele wao kichwani, na nguo za msiba. Kizee mmoja alinitazama muda, akanishika mkono, akaniambia pole mwanangu, kama mfiwa ni mimi. Nilimpikia chai.

Hiyo tungeicheka, Kaka Msabah, mimi na wewe, siku nyengine. Lakini yasiyosikika kwa sheha yamesikika kwengine. Waliokuwa hawajui Shemsa gani katoroka sasa wanajua ni binti Usi, ni wa Jambiani, na aliyeachwa ni Mkadam. Wanasema mbona ndugu zake wamekana? Asiyetenda hukana nini?

Jumapili kaja Bi Sichana, mama yake Mkadam. Hakugomba. Kama angegomba ningejua la kumjibu. Kakaa, kanywa maji, akasema yeye hasemi kuwa ni kweli, lakini mwanawe katajwa pamoja na maiti na anataka moyo wake utulie. Bibi hakungoja amalize. Aliapa pale pale, "Wallahi mjukuu wangu hakutoka kwa shangazi yake ila kwenda dukani na kurudi." Bi Sichana akamwambia, yamini yako ni yako, mimi nataka yake. Maneno yale yale, juu ya Msahafu, Ijumaa ya tarehe nne Machi baada ya sala ya alasiri, mbele ya mwalimu wa chuo cha Kurani. Nikiapa, harusi iko pale pale, mwezi wa mlisho, kabla ya Ramadhani. Nisipoapa, nguo za posa zirudi.

Nawe unajua kuwa nilitoka. Nilikwenda sinema nikakaa saa tatu na Shangazi na wanawake wenzangu, hapana mwanamume hata mmoja, na sikuona ubaya wowote mle ndani. Lakini si dukani. Nikisema kweli, Bibi anakuwa kaapa uongo. Nikiapa, naapa uongo mimi.

Namtaka Mkadam. Nakwambia wewe kwa kuwa sina mwengine wa kumwambia. Gauni la Idi alinishonea kwa kunitazama mara moja tu, hakunipima kwa kamba, na lilinikaa. Nikajua huyu ananiona. Sitaki posa irudi.

Niambie nifanye nini. Na safari hii usiniletee mzaha.

Shemsa


Kikwajuni
Alhamisi, 24 Februari 1955

Bint ammi Shemsa,

Sina mzaha. Nimeisoma barua yako mara nne, na Shangazi nimemsomea, kashika kichwa. Alitaka kuja huko aseme yeye ndiye aliyekupeleka. Nikamwambia ukisema hivyo, Bibi, mama yako mzazi, unamtia katika yamini ya uongo. Tangu jana hajala kitu cha maana.

Nilikwenda kwa Bwana Hamad kutaka tangazo jengine. Kakataa. Wakubwa wake wamemwita, wamemuuliza kwa nini watu wa shamba wanalilia watu walio hai. Shemsa hatajwi tena katika redio ile, wa filamu wala wa Jambiani. Hadithi imekatwa hapo hapo. Wasikilizaji hawajui kama alitoroka au hakutoroka, na mie ndiye ninayejua na nimezibwa mdomo. Ijumaa nitasimulia filamu ya Misri yenye ngamia.

Lakini usikate tamaa, mtu wako ana kichwa. Nimeyatazama maneno ya yamini kama fundi anavyotazama saa. "Hakutoka ila kwenda dukani na kurudi." Sasa nijibu: pale mlangoni pa sinema, upande wa kushoto, pana nini? Pana kijiduka cha njugu. Shangazi anasema ulinunua njugu, kata mbili, moja yako na moja yake. Basi ulitoka ukaenda dukani. Ukarudi? Ulirudi. Kati ya kwenda na kurudi ulikaa kitako mahali, na yamini haikuulizi ulikaa wapi. Mtu akienda dukani akapumzika kivulini, si kaenda dukani tu?

Weka mkono juu ya Msahafu na moyoni ufikiri njugu. Zifikiri zile zile, na chumvi yake. Mungu anajua ulizinunua.

Mengine niachie mie. Nina mpango mmoja mwengine, sikwambii sasa.

Msabah


Makunduchi
Jumatatu, 28 Februari 1955

Kwa Bwana Msabah Pandu,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifika kwa mkono wa dereva. Nimeisoma dukani kwangu peke yangu.

Nilikuwa sijui kama Shemsa alikwenda sinema. Sasa umenambia. Umenieleza kwa urefu kuwa ilikuwa siku ya wanawake na kuwa hapana aibu yoyote, nami nakusadiki. Hata usingenieleza ningesadiki. Sikumfikiria ubaya hata ile Ijumaa ya mwanzo, na siku ile wateja walinicheka hapa mlangoni.

Lakini mimi na wewe hatufanani. Wewe ukisema, nchi nzima inasikiliza. Mimi nina mama mmoja, kanilea peke yake, na keshaweka sharti lake mbele ya watu. Nikimpinga nimekosa radhi yake. Nikimwambia nimeambiwa ukweli na wewe, atasema ni yule yule wa redio, jana kasema hivi, leo vile.

Kwa hiyo nakuomba umwambie Shemsa aape. Mama akishasikia yamini, yatakwisha, na mimi sitamuuliza kitu mpaka kufa. Asiogope kwa ajili yangu. Mimi nimeshajua na nimeshasamehe.

Barua hii ukishaisoma ichane.

Wasalaam,
Mkadam, fundi


Kikwajuni
Alhamisi, 3 Machi 1955

Bint ammi,

Haraka haraka, gari linaondoka, dereva anapiga honi.

Mpango wangu umezaa. Nilimwandikia Mkadam nikamweleza kila kitu, sinema, siku ya wanawake, Shangazi, yote. Najua ungenikataza ndiyo maana sikukuuliza. Na bwana wee, hakukasirika. Anajua, na anataka uape hivyo hivyo. Kaniambia keshasamehe, hatakuuliza kitu mpaka kufa. Mwanamume gani mwengine utampata wa namna hiyo? Basi kesho hata njugu huzihitaji. Apa tu, mwenye mke keshakubali.

Ukishaapa niletee habari kwa gari la Jumamosi. Nitakaa kituoni.

Msabah


Jambiani
Jumapili, 6 Machi 1955

Kaka Msabah,

Dereva kaniambia ulikaa kituoni Jumamosi mpaka gari likafungwa. Nisamehe, sikuweza kuandika jana.

Nilikuwa nitaapa. Nataka ulijue hilo. Nilicheka nilipoisoma ile ya njugu, nikakuona mwongo, kisha usiku nikazifikiri, na kila nikizifikiri zikizidi kuwa kweli. Ijumaa nilikoga, nikatia udhu, nikavaa. Nilikuwa nshajiandaa kusimama na njugu zangu mbele ya Mungu, yeye na mimi tujuane.

Ndipo mtoto wa dereva akaja na barua yako.

Nimeisoma nikiwa na udhu. Kumbe Mkadam anajua. Kumbe atakaa pale karibu na mama yake, atanitazama nikiweka mkono, na atajua kuwa ninalosema silo, na atafurahi. Halafu ndiyo niende nikaishi naye. Siku nikimwambia nimeumwa, siku nikimwambia mtoto huyu ni wako, atakumbuka nilivyoapa vizuri. Keshasamehe, anasema. Kanisamehe nini, Kaka Msabah? Nilifanya nini?

Mwalimu kaufungua Msahafu. Bi Sichana kayasema maneno. Mimi nikasema, "Nilikwenda dukani, na nilikwenda sinema, na shangazi yangu, siku ya wanawake. Sikutoroka na mtu."

Mwalimu kafunga Msahafu polepole. Bi Sichana akasema, kwa upole tu, "Basi redio ilikuwa na ukweli wake." Bibi alikuwa kashika tasbihi, akaacha kuihesabu.

Nguo wamezichukua pale pale, hata hatukupata nafasi ya kuzikunja. Mkadam alibaki nyuma mlangoni, anavaa kiatu, kiatu chenyewe hakimwingii. Akaniambia bila kunitazama, "Si ungeapa tu, Shemsa."

Nikamwambia, "Na wewe ungelala na nani, na mimi au na mwongo?"

Akavaa kiatu akaondoka.

Bibi kafunga, siku tatu, kaffara ya yamini yake. Mwalimu kamwambia hana dhambi, hakujua. Hasikii. Mimi nimefunga pamoja naye. Tunafuturu sahani moja na hasemi nami. Hanitukani, ananisogezea tonge la samaki lililo nono kama zamani, ila hasemi. Sijui hata nimwombe radhi kwa lipi, kwa kwenda sinema au kwa kusema nilikwenda.

Sikulaumu. Ulitaka kunisaidia kila mara, nayajua hayo. Nakuomba sasa usinisaidie tena. Usije, usimwandikie mtu, usiseme popote. Shangazi mpe salamu, mwambie ale.

Shemsa


Kikwajuni
Jumanne, 15 Machi 1955

Bint ammi Shemsa,

Barua hii haina la kusaidia. Nakwandikia tu kwa kuwa sina pa kuyaweka.

Uliniambia nisije nami nilikuja. Jumatano iliyopita. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nimeipanga tangu Kikwajuni, nitasimama mbele ya baraza niwaeleze kuwa mie ndiye punda. Nikateremka hapo kwa sheha. Watu wakainuka, wakanipa mkono, wakanikalisha mahali pazuri, Msabah wa Redio kaja, Msabah wa Redio kaja. Mtoto mmoja akanitaka nimwigizie ngamia. Nikamwigizia. Nilipomaliza gari likageuza, nikapanda. Nyumba yenu niliiona kwa nyuma, pana kanga mbili zimeanikwa. Sijui zako au za Bibi.

Ijumaa Bwana Hamad akaniuliza kama kawaida, "Eh Msabah, wiki hii kuna nini?" Nikafungua mdomo. Weye unanijua, mie tangu kuzaliwa sijapata kukosa neno, hata kiboko cha mwalimu nilikuwa nakijibu. Pakawa kimya. Bwana Hamad akanitazama, akanitazama tena, akaweka santuri. Baadaye akaniambia watu walidhani redio imeharibika.

Wasikilizaji wanaandika. Wete, Chake, Mkwajuni, mpaka Tumbatu. Wote wanauliza moja: Shemsa imekuwaje? Hawataki ngamia. Wengine wamegombana barazani, kuna wanaomtetea na kuna wanaomlaani, na mie siruhusiwi kuwajibu.

Jana nilikuwa Darajani nasukuma mkokoteni wa mabango, kaja mzee mmoja simjui, kanzu safi, kikapu cha mboga mkononi. Kanishika bega. Akasema, kijana, sauti yako naijua, wewe ndiye wa mazungumzo ya sinema. Nikasema naam. Akaniuliza kwa huruma kabisa, kama anauliza habari za mtoto wake:

"Yule Shemsa, mwisho aliolewa?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Katika filamu kaolewa, unajua, na maua shingoni. Lakini mie nilikuwa nakufikiri weye, na neno likanitoka lenyewe. Nikasema, "Hakuolewa."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi kweli alitoroka," akasema, akachukua kikapu chake akaingia sokoni.

Niliuacha mkokoteni nikamwita. Nilimwita kwa sauti yangu yote, bint ammi, ile ile wanayoisikia mpaka Pemba. Pale sokoni palikuwa na watu wengi. Hakunisikia.

Msabah